Mshale wa Tatu

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa kompyuta wa mamlaka ya maji aliketi mezani kwake, akanywa chai nusu kikombe, kisha akaanza kurekebisha kipanya cha seva, kompyuta kuu ya mamlaka, iliyokuwa umbali wa kilomita kumi na mbili. Chumba cha seva kilikuwa kimefungwa tangu mtunzaji wake alipofia humo wiki sita nyuma. Meneja alikuwa ameagiza kwamba kazi zote sasa zifanywe kutokea mbali.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Kwenye skrini yake kulikuwa na mishale miwili, mmoja wa kompyuta yake na mwingine wa seva. Akisogeza mkono kidogo tu, mshale wa seva ulikimbilia kona kama mbuzi aliyekata kamba. Dawa yake aliijua. Aliingia kwenye mipangilio ya seva, akaweka kasi ya kipanya katikati, akazima ule mtindo wa mshale kujiongezea mwendo, akaondoa picha ya nyuma na kupunguza rangi ili skrini iwe nyepesi kusafiri. Mishale ikakaribiana, ikalaliana, ikawa mmoja.

Kisha ukatokea wa tatu. Uliingia kutoka kushoto, polepole, ukitetemeka kidogo kama mkono unaosikia baridi. Ulifungua ukurasa mtupu, na maneno yakaanza kujiandika: "Kivuli cha mshale hujakizima. Ndicho kinachokuchelewesha."

Fundi alikizima. Kweli, skrini ikawa nyepesi zaidi. Akaandika, "Shikamoo, Mzee Sweta," maana ni mtu mmoja tu pale kazini aliyejua mambo ya vivuli. Mtunzaji alivaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya ubaridi wa chumba kile, na mkewe alihakikisha anazikwa amelivaa.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Alimweleza yaliyompata, kwa kifupi, kama mtu anayekabidhi zamu. Kitasa kiligoma, mlango ukamfungia ndani, gesi ya kuzimia moto ikafunguka yenyewe. Alikuwa ameshaandika barua saba kuomba kitasa kibadilishwe. Sasa alitaka kujua taarifa ya kifo chake ilisemaje.

Fundi alitafuta namna ya kulisema taratibu, akaikosa. Taarifa ilisema uzembe wa marehemu. Na kwa mujibu wa kanuni, familia ya aliyekufa kwa uzembe wake ilipewa siku sitini kuhama nyumba ya mamlaka. Zilikuwa zimebaki kumi na nane.

Mshale ukaenda kupanga mafaili ya wiki, ambayo hakuna aliyekuwa ameyagusa tangu mazishi.

Fundi alipanda ghorofani kumwona meneja. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mzee angeweza kufanya kazi na Jumapili. Fundi alisema hajamuuliza. Akaomba taarifa irekebishwe, kwa kuwa mhusika mwenyewe alikuwepo na barua saba zilikuwa ndani ya seva.

"Marehemu hawezi kuwa shahidi," alisema meneja.

"Lakini kazi anaweza kufanya?"

"Kazi haimtaki mtu aape."

Jumatano mjane alikuja. Fundi alimpa kiti chake na kuukuza mshale, maana macho ya mama yalikuwa yamechoka. Mama alishika kipanya, akasema ni cha baridi. Mshale wake ulikuwa unahangaika. Ule wa tatu ukausogelea, ukalala juu yake, na yote miwili ikaenda pamoja mpaka kwenye faili la barua.

Alizisoma zote saba bila kulia. Alipomaliza alisema, fundi akimwandikia, "Mimi nilidhani ukichelewa kurudi uko kijiweni na wenzako. Nilikuwa nakununia bure."

"Ungeninunia tu, mke wangu," mzee aliandika. "Ulikuwa hujui."

Barua zilichapwa, mjane akazipeleka ghorofani kwa mkono wake. Meneja alizipokea kwa heshima, akazigonga muhuri wa siku hiyo. Wiki iliyofuata jibu likatoka: barua za kuomba kitasa zilipokelewa baada ya kifo, hivyo zilichelewa. Kuhusu mlango, haikuonekana haja ya kuutengeneza, kwa kuwa hakuna tena mtu anayeingia. Mzee alifunguliwa akaunti yake rasmi, kwa jina la Mtumiaji wa Muda. Seva haikuwahi kuzima tena, na katika kikao cha idara meneja alipongezwa kwa kubana matumizi. Nyumba ilitakiwa ibaki wazi kwa ajili ya mtunzaji mpya, ambaye hakuajiriwa, kwa kuwa wa zamani alikuwa anatosha.

Siku ya sitini mjane alipitia ofisini, mizigo yake ikisubiri nje kwenye mkokoteni. Alikuwa anahamia kwa dada yake, chumba cha uani. Alimtajia mumewe mtaa, rangi ya geti na mlango wa kugonga, kwamba ni ule wa pili, si wa kwanza. Mzee aliandika yote, akamuuliza kama paa linavuja. Mama akasema kidogo, upande mmoja.

Mzee alilihifadhi faili lile, akaweka na nakala ya pili. Kisha akamuaga, maana ilikuwa saa nne na ankara za maji za mji mzima zilikuwa zinasubiri kutolewa.