Namba ya Netta

Wattie Purves hakugombea udiwani ili ashinde. Aligombea ili mkewe aandike namba mbele ya jina lake.

Sababu hiyo hakumwambia mtu. Hata Gibbie Laidlaw, rafiki yake na wakala wake wa uchaguzi, hakuambiwa, maana Gibbie angeitangaza baa nzima kabla povu la bia halijatulia. Kwa watu wa Langhaugh, mji wao mdogo, Wattie alisema yale yale wanayosema wagombea wote: mashimo ya barabarani, basi la jioni lililofutwa, paa la bwawa la kuogelea linalovuja. Angalau habari za paa alizijua kweli. Alikuwa fundi wa kuezeka tangu ana miaka kumi na sita, na hakukuwa na nyumba mjini pale ambayo hajaiona kwa juu.

Netta alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma, mwezi wa Novemba. Alihamia kwenye chumba na sebule juu ya duka la mikate alilofanyia kazi, mitaa miwili tu kutoka nyumbani. Hakuondoka kwa kelele. Siku zote alisema amechoka kula peke yake, na siku zote Wattie alisikia kama mtu anayesikia mvua. Jumatatu alikuwa na baraza la mji, la kujitolea tu, Jumanne kamati ya sherehe za farasi, Jumatano alikuwa juu ya paa la kanisa analoliezeka bure, Alhamisi kamati ya raga, na hivyo hivyo mpaka wiki iishe. Alhamisi moja ya Novemba hiyo aliporudi alikuta supu imepoa kwenye sufuria na karatasi yenye mistari miwili. Supu ipashe moto. Usinifuate.

Hakumfuata. Aliona huko ndiko kumheshimu.

Tangu hapo walikutana dukani. Yeye alinunua mkate, Netta akauliza kama kuna kingine, yeye akasema basi. Miaka mitatu ya basi. Mara moja alimwandikia barua, ndefu kidogo, akaipitisha mlangoni. Haikujibiwa. Usiku alilala upande wake wa kitanda, na asubuhi alitandika pande zote mbili.

Kwa hiyo Januari, Gibbie aliposema kata yao inahitaji mgombea binafsi, mtu asiyevaa rangi ya chama chochote, Wattie hakufikiria halmashauri. Alifikiria karatasi ya kura. Netta hakukosa kupiga kura hata mara moja maishani mwake. Angeishika karatasi ile, angesoma Purves, na ingembidi aamue. Uchaguzi wa halmashauri si wa kutia alama moja na kwenda zako. Unapanga watu kwa namba, moja, mbili, tatu, mpaka utakapochoka, na usiyemtaka kabisa unamwachia patupu. Netta angemjibu, basi. Jibu lenyewe Wattie asingelijua kamwe, kura ni siri. Lakini lingekuwepo, limefungiwa ndani ya sanduku, na alijiambia hilo litamtosha.

Siku ya kura ilikuwa Alhamisi, mvua nyembamba tangu alfajiri. Wattie alisimama nje ya ukumbi wa kanisa na ua la kitambaa cheupe kifuani, akiwasalimu watu wanaoingia. Netta alikuja saa kumi na moja jioni, baada ya kufunga duka, akiwa na koti lake la kahawia. Zamani walikuja pamoja, kisha wakala samaki na chipsi ndani ya gari, vioo vikiwa vimejaa mvuke, wakibishana nani kampa nani kura. Safari hii aliinamisha kichwa kidogo tu akaingia.

Kupiga kura ni dakika mbili. Netta alikaa mle dakika tisa. Wattie alijua kwa sababu alikuwa anatazama saa ya mnara kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Alipotoka, Netta alisimama kidogo mbele yake.

"Utapata mafua," alisema, akaenda.

Kesho yake asubuhi kura zilihesabiwa kwenye ukumbi mkubwa wa michezo katika mji wa pili. Siku hizi kuhesabu ni kazi ya mashine. Makarani wanazilisha karatasi, mashine inazisoma, na ile isiyoeleweka inatupwa kwenye skrini kubwa ili afisa aiamue mbele ya wagombea na mawakala wao. Kabla hawajaanza, msimamizi wa uchaguzi aliwakumbusha wote: mtu akigundua fulani kampigia nani akaenda kusema, hilo ni kosa la jinai. Gibbie alinong'ona kwamba yeye ana mdomo wa kaburi. Wattie alimwambia labda kaburi lenye mlango wa kuzunguka.

Wagombea walikuwa sita, viti vitatu. Gibbie alishika karatasi yake ya mahesabu na pai ya nyama, akimwita Wattie mheshimiwa kila baada ya dakika tano ili kumkera. Karatasi zenye utata zilipita kwenye skrini. Mmoja alikuwa amechora uso unaocheka mbele ya kila jina. Mwingine alikuwa ameandika kwamba wote ni wezi, kisha akawapanga wezi hao kwa uangalifu mkubwa kuanzia moja hadi sita, na kura yake ikakubaliwa.

Kisha ikaja karatasi moja Wattie akaacha kutafuna.

Mbele ya jina lake palikuwa na moja iliyokatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Moja nyingine ilikuwa kwa Moyra Tait, muuguzi mstaafu wa chama cha njano. Mbili ilikuwa kwa Eilidh Brydon, binti wa chama cha kijani. Na pembeni ya ile moja iliyokatwa, kwenye kisanduku cha Purves, palikuwa na tatu. Tatu yenye kichwa bapa, kama rafu. Moja zote mbili zilikuwa na kistari chini, kama mguu.

Netta alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye chumba cha rangi cha kiwanda cha sufu, akiandika namba kwenye vitambaa vilivyolowa. Huko waliwafundisha kuandika hivyo ili namba isipotee. Wattie aliijua tatu ile kuliko alivyojua sahihi yake mwenyewe.

Afisa alisema nia ya mpiga kura iko wazi: ya kwanza Tait, ya pili Brydon, ya tatu Purves. Gibbie akainuka. Alitaka kupinga. Alisema mtu huyu alimchagua Purves kwanza, karatasi imechafuliwa, ama wapewe wao ama itupwe.

"Kaa chini, Gibbie," Wattie alisema.

"Hiyo ni kura yetu inaondoka hivi hivi, bwana."

"Aliyekata alijua anachokata. Kaa."

Gibbie alikaa, akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. Karatasi ilishatoka kwenye skrini. Wattie alibaki anaangalia mahali ilipokuwa. Alikuwa ametaka namba, akapewa mbili, na moja kati yake imepigwa mstari. Alijiuliza Netta alikata katika dakika ya ngapi kati ya zile tisa.

Saa nane mchana matokeo yalisomwa hatua kwa hatua. Moyra Tait alipita mara moja, tena na kura za ziada, na ziada ile ikagawiwa kwa wengine. Gibbie alimweleza tena jinsi inavyokwenda, maana Wattie hakuwa anasikiliza. Mtu akishinda kwa kura nyingi kupita inavyohitajika, kila karatasi yake inahamia kwa namba mbili, lakini haihami nzima. Inahama kipande. Safari hii kila kipande kilikuwa sehemu ya tano, pungufu kidogo. Kisha mgombea mmoja akatolewa kwa uchache wa kura, halafu Eilidh Brydon, na vipande vilivyokuwa kwake vikaenda kwa namba tatu.

Wattie alihesabu kichwani. Sehemu ya tano ya Netta ilikuwa imetoka kwa Tait, ikapita kwa Brydon, ikaja kwake. Alicheka peke yake, kicheko kisicho na sauti. Miaka mitatu, na hicho ndicho kilichomfikia.

Kiti cha pili kilichukuliwa na Rory Cranston, mkulima wa chama cha buluu. Kikabaki kimoja, kati ya Wattie na Hector Veitch, diwani wa miaka kumi na tano. Msimamizi alisoma taratibu. Purves kamzidi Veitch kwa kura kumi na moja na vipande.

Gibbie alimkumbatia mpaka ua la kitambaa likapondeka. Veitch alikuja kumpa mkono, akamwambia asijali, simu zitaanza leo leo na hazitakoma, na habari ya mapipa ya taka asiahidi chochote. Wattie alishukuru. Alikuwa na hamu ya kukaa mahali pamoja na mtu mmoja, naye hakuwa mle ukumbini.

Alifika Langhaugh saa kumi na nusu. Duka la mikate lilikuwa linafungwa. Netta alikuwa peke yake ndani, anafuta trei. Redio ilikuwa imeshasema.

"Mheshimiwa diwani," alisema bila kugeuka. "Mikate imeisha. Zimebaki skonzi mbili tu."

"Sikuja kununua."

"Basi futa miguu, nimetoka kupiga deki."

Wattie alifuta miguu. Njiani alikuwa amepanga maneno, na sasa aliona hayasemeki. Hangeweza kumuuliza juu ya alichokiona, na hakuwa amekuja kwa lingine. Akasimama tu, mikono mifukoni. Netta alifuta trei mbili zaidi, akaiweka ile nguo chini.

"Jana ulinitazama kama mbwa aliyefungiwa nje. Unataka kujua nilikupa ngapi."

"Siruhusiwi kuuliza."

"Mimi naruhusiwa kusema, kura ni yangu. Nilikupa tatu." Aliisukuma trei pembeni. "Nilianza na moja. Nikaikata."

Wattie alitazama sakafu ili uso usimuumbue. "Kwa nini ukakata?"

"Kwa sababu nilitaka ushindwe, Wattie." Alisema hivyo bila hasira, kama anamwambia bei ya mkate. "Niliiandika ile moja, nikafurahi, haki ya Mungu nilifurahi. Halafu nikaona vikao. Miaka mitano mingine ya vikao. Nikasema akishindwa huyu, labda atachoka na watu, atakaa nyumbani. Na akikaa, mimi siku moja nitapita barabarani saa kumi na mbili nione kama taa ya jikoni inawaka."

"Na ile tatu?"

"Sikuweza kukuachia patupu. Nilijaribu. Nilisimama pale kama mjinga mpaka yule mama anayegawa karatasi za kura akaniuliza kama naumwa."

Nje mtu alipita, akagonga kioo cha duka, akamwonyesha Wattie dole gumba. Wattie hakumwona. Alisema atajiuzulu. Alisema Jumatatu anaandika barua, kiti ampe Veitch, ampe yeyote.

"Thubutu," Netta alisema. "Watu wamesimama mvuani kwa ajili yako. Usiwachukue hao ukaja kunibembeleza nao. Halafu kila siku mezani unitazame kama mtu niliyemgharimu kitu."

"Raga naacha. Farasi naacha. Paa la kanisa limekwisha tangu Februari."

"Sijakuuliza unaacha nini. Halmashauri wanakaa siku gani?"

Wattie alifungua mdomo. "Sijui."

"Hujui."

"Sikudhani nitashinda."

"Sasa uligombea ili iweje, mwanaume wewe?"

Hapo hakuwa na uongo tayari, na ukweli ulimtoka vibaya, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekiri. "Nilitaka uandike kitu. Chochote. Mbele ya jina langu."

Netta aliishika nguo ya kufutia, akaikunja, akaikunjua. Kisha alimwambia ingetosha kama angekuja kugonga mlango tu. Wattie akajibu aliandikiwa asimfuate. Netta akasema ndiyo, aliandika, akiwa na hasira, na supu jikoni, na alikaa juu ya duka hili majira yote ya baridi akisikiliza kila anayepanda ngazi.

"Nilikuletea barua," Wattie alisema.

"Uliniletea barua ya habari za baraza la mji. Kurasa mbili. Nilitafuta mahali uliposema njoo, sikupaona."

Wattie hakukumbuka aliandika nini. Aliamini ni kweli.

Netta alizima taa ya kabati la mikate. Alimwambia aende akajue siku zake kwanza. Akishajua ni jioni gani haina kikao, ya mwaka mzima, si ya wiki hii tu, ndipo aje amwambie jioni hiyo.

"Moja inanitosha," alisema. "Lakini nzima. Usiniletee tatu za vipande vipande."

Aliporudi kwenye gari simu yake ilikuwa na watu kumi na wanne waliompigia. Hakumpigia hata mmoja. Alitafuta namba ya makao makuu ya halmashauri, akapiga, akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Sauti ya mwanamke, ya kurekodiwa, ilimwambia ofisi zimefungwa na zitafunguliwa Jumatatu saa tatu asubuhi.

Alitazama saa. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja na dakika tano. Juu ya duka dirisha lilipata mwanga, na kivuli cha Netta kikapita kikibeba birika. Wattie aliipiga tena ile namba, akaisikiliza ile sauti mpaka mwisho, isije ikawa amesikia vibaya.