Doa la Mama Marthe

Kwenye ukuta wa saloni, yaani sebuleni, karibu na mlango wa jikoni, palikuwa na doa la mafuta lenye ukubwa wa kichwa cha mtu. Na kweli lilitokana na kichwa: cha Mama Marthe, mama mkwe wa Anatole. Mchana, Anatole akiwa kazini bandarini, bibi huyo aliketi pale kwenye mkeka akiegemea ukuta, nywele amezipaka mafuta ya mawese. Akisikia baiskeli ya mkwewe, huyoo, ameshakimbilia jikoni. Kwa mila yao, mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja wala hawasemezani. Miaka yote Anatole alimjua zaidi kwa doa lile.

Sasa wageni walikuwa wanakuja kwa treni kutoka Nyunzu kumposa binti yake Bertille, na nyumba yenyewe, ya Wazungu wa zamani, ilikuwa imechoka kabisa. Anatole akajitosa kazini. Akakwangua rangi iliyobambuka, akasugua masizi kwa sabuni, akaziba nyufa. Alipofika kwenye doa, mkono ukagoma. Akwangue kwa kisu mahali pa kichwa cha mama mkwe? Haya ikamshika, na hata kumwomba mkewe Séraphine amsaidie akaona haya. Akapitisha chokaa juu ya mafuta hivyo hivyo. Séraphine alipouliza, akajibu kwamba ameosha kuta zote.

Chokaa juu ya mawese, jamani! Siku ya wageni, Anatole kaketi ndani ya suti yake ya abakosti, na doa nalo limejitokeza, la manjano, katikati ya weupe wote ule. Papa Damien, mjomba wa kijana anayeposa, akauliza kwa utani kama wanakaangia samaki ukutani. Anatole akaona posa ya mtoto inaponyoka, watasema hii ni familia ya wachafu. Mdomo ukamtangulia.

"Ni mama mukwe wangu," akasema. "Anaegemea pale na mafuta yake. Tunamukataza, lakini hasikie."

Hakuna aliyewahi kumkataza. Na mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Mama Marthe akaingia, amejifunika kitenge upande wa mkwewe, mkeka kwapani. Akautandika palepale, akaketi, akaegemeza kichwa juu ya doa mpaka likafichika lote.

"Munisamehe," akawaambia wageni. "Ukuta nimechafua mimi. Bertille, mama yake alimufundisha usafi."

Kisha Papa Damien akavua kofia, akamwamkia kwa heshima, na mazungumzo ya posa yakaisha vizuri. Muda wote huo bibi hakuinuka. Anatole alitazama viatu vyake tu. Bia yake hakuigusa.

Wageni walipoondoka, Mama Marthe akakunja mkeka wake. Kilemba chake kilikuwa cheupe kwa nyuma, chokaa imekishika, akarudi nacho jikoni bila kujua. Anatole akapiga hatua kumfuata, akasita. Mama mkwe haombwi msamaha uso kwa uso, sharti mke apeleke maneno.

"Mama Bertille," akamwita mkewe.

Jikoni walikuwemo wawili, yeye na mama yake, na hakuna aliyeitika.