Manjano Juu ya Mlango

Zilipobaki wiki mbili kabla ya Ramadhani kuanza, wanawake wa mji wa Harar walianza kupaka nyumba zao rangi, na Semira akanunua manjano. Si ile iliyofifia kama maji ya mchele. Ilikuwa manjano iliyokolea, hata baraza nyekundu za sebuleni zikaonekana kama zimeamshwa usingizini. Mama yake, Ay Nefisa, yaani Mama Nefisa kwa lugha ya kwao, alishika kiuno. Jirani yao, Ay Maftuha, alichungulia akasema wakiishiwa bizari watakwaruza ukuta.

Semira alicheka, akaendelea. Rangi hiyo ndiyo kitu pekee alichojiamulia mwaka ule. Kila alipoinua macho aliliona zulia lililoviringishwa juu ya mlango, likimtangazia kila mpita njia kwamba humu mna binti wa kuposwa; likishushwa, ujue ameposwa. Lilipandishwa siku alipomaliza chuo, miaka mitatu iliyopita. Barua ya kazi ya ualimu ilikuwa chini ya godoro lake: aripoti Dire Dawa Jumatatu ijayo. Mama alishasema binti ambaye zulia lake liko juu hawezi kwenda kulala mji wa watu. Na Alhamisi dada zake Abdusemed, mgane wa watoto watatu mwenye duka la viungo, wangekuja kumposea kaka yao. Semira mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Jumanne akafikia ukuta wa mlango. Akalishusha zulia, akaliegemeza chumbani, akapaka. Kwa kuwa rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka, aliuacha mlango wazi harufu itoke.

Alasiri Ay Maftuha akapita, akaona juu ya mlango patupu. Hakuuliza. Kufikia magharibi wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa barazani na vigelegele vyao, wakimpongeza mama kwa bintiye kuposwa. Kila alipokana walikonyezana, wakasema anaogopa kijicho. Kesho yake dada zake Abdusemed wakatuma neno: hawaji kugombea kilichokwisha chukuliwa.

Mama akalibeba zulia kwa mikono miwili.

"Umeniumbua, Semira. Hili linarudi sasa hivi."

"Rangi haijakauka, mama."

"Na ikikauka?"

Semira aliiangalia brashi mkononi. "Mlango wetu ni mrefu, mama. Lakini tangu zulia lile lipande, sijawahi kupita chini yake bila kuinamisha kichwa."

Ay Nefisa alikaa barazani, zulia mapajani, mpaka kahawa yake ikapoa. Zulia hilohilo liliwahi kukaa juu ya mlango wa mama yake mzazi, na siku liliposhushwa kwa ajili yake yeye Nefisa, alikuwa na miaka kumi na mitano.

Jumamosi asubuhi Ay Maftuha alirudi. Alisema amesikia kumbe hakuna posa; basi mbona zulia halijapanda? Dada zake Abdusemed bado wanaweza kubembelezwa.

Jikoni, Semira aliacha kukoroga chungu.

Mama akapanda kigoda, akabonyeza kidole kwenye ukuta uliokwisha kauka siku mbili zilizopita. Akakitazama. Kilikuwa safi. Akakifuta kwenye gauni, taratibu, kama mtu aliyechafuka.

"Bado mbichi," alisema. "Rangi za siku hizi, Maftuha, zinaweza kuchukua hata mwaka."

Kisha, bila kugeuka, akamwita binti yake, akamwambia afungashe nguo nyepesi. Dire Dawa kuna joto.