Kioo Juu ya Ubao

Ulipita pale mlangoni, usikatae. Ulikuwa na bahasha kwapani na haraka zako. Ukachungulia ukumbi namba nne, ukamwona binti wa safu ya tatu amekaza macho mpaka mishipa ya shingo imemtoka, ukasema moyoni, huyu ana bidii, ukaenda zako. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya benchi na nyundo yangu. Nilikuona ukigeuza uso. Nimewaona wengi kabla yako, na sisahau.

Mimi ni seremala wa chuo hiki, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Shule niliachia darasa la saba. Mengine nimeyaokota kwenye vitabu vilivyotupwa, na kwenye mihadhara niliyoisikiliza huku nakaza misumari. Kila kiti kilichoachwa na mtu kabla ya wakati wake, nimeandika chini yake kwa penseli yangu ya kazi. Geuza kile cha kwanza kushoto usome: "Alibebwa kupanda ngazi mihula miwili, wabebaji wakachoka." Cha dirishani: "Walicheka lafudhi yake mpaka akanyamaza." Cha karibu na mlango: "Alikuja na mtoto anayenyonya, akaambiwa achague." Nimeandika kwa penseli, si kwa wino, kwa sababu bado nina tamaa kwamba mmoja wao atarudi nifute.

Kiti cha safu ya tatu nacho kilikuwa karibu kuandikwa. Aliyekikalia ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Homa ilimnyang'anya masikio akiwa na miaka tisa, lakini ulimi ilimwachia, tena ikaunoa. Anasoma midomo ya watu kama wewe unavyosoma gazeti. Namwita Injinia, tangu siku alipoizunguka meza niliyoihangaikia siku nne, akaniambia, "Mjomba, miguu mitatu inafanya kazi. Huu wa nne umekuja kusalimia tu."

Basi akaingia chuoni kusomea ujenzi, akamkuta Profesa Mgongo. Jina hilo wamempa wanafunzi, maana mgongo wake wanaujua kuliko uso. Ni mtu mwema, na nasema hivyo kwa kujilazimisha. Lakini miaka thelathini anafundisha akiongea na ubao, kama wamefunga ndoa. Na ana tabia moja: akikosea namba, hafuti. Anasema tu, "Hapo pasome sita, si nne," anaendelea. Wenye masikio wanarekebisha daftarini. Injinia anabaki na nne yake, anaijengea boriti ya kupendeza, halafu inamwangukia kwenye jaribio.

Majaribio mawili yalimwangukia hivyo. Ikaja barua ya chuo: kufikia Ijumaa atie saini kwamba anahamia kozi ya utunzaji wa kumbukumbu, "inayoendana na hali yake."

Alinisomea barua hiyo karakanani, amekalia rundo la mbao.

"Hali yangu ni ipi, Mjomba?"

"Umemwambia Profesa kwamba humwoni mdomo?"

"Nimeinua mkono muhula mzima. Mtu hageuki, nitamwambia nini?"

"Mfuate ofisini."

"Nilimfuata. Ofisini nako ana ubao."

Sikujua nicheke au nivunje kitu. Nikafanya alichoweza kufanya seremala: nikakihamisha kiti chake mbele kabisa. Siku ya pili akaja kunishukuru kwa kejeli. "Sasa mvi za kisogoni nimezihesabu zote. Nirudishe nyuma."

Jibu nililipata kwa kinyozi. Nimekaa, kinyozi yuko nyuma yangu, tunabishana habari za mpira, na namwona mdomo wake wote kwenye kioo. Nikainuka kichwa kimenyolewa nusu. Kinyozi akanirudisha kitini kwa bega.

Nyumbani kioo kirefu kilikuwa kimoja, cha mlango wa kabati la mke wangu.

"Kabati hilo nililetewa na mama yangu," akasema.

"Nachukua mlango tu."

"Na mimi nijitazame wapi?"

"Machoni mwangu."

"Machoni mwako kumejaa vumbi la mbao." Lakini bisibisi alishaichukua yeye, anafungua bawaba. "Mwambie Injinia akifaulu, mlango wangu nautaka mpya. Wenye nakshi."

Alhamisi asubuhi, kabla ya vipindi, tukakitundika kwa mlalo juu ya ubao. Nikakibana sambamba na ukuta, nikakipima kwa pimamaji kama seremala yeyote mwenye heshima zake. Injinia akaketi safu ya tatu.

"Unaona nini?"

"Feni."

Akaniambia nishuke, nisimame penye kawaida ya Profesa. Akapima kwa futi yangu, akachora mistari mitatu kwenye kipande cha mbao, akakokotoa kimyakimya. "Kiinamishe digrii thelathini na nne," akasema. Yaani kwa somo lilelile wanalosema halimfai. Nikapachika kabari mbili nyuma yake. Akatabasamu kabla sijauliza.

Kipindi kilipoanza nilijitia kutengeneza benchi la nyuma. Profesa Mgongo akaingia, akachukua chaki, akampa kisogo kila mtu kama desturi. Baada ya robo saa akasema, "Hapo pasome tisa, si saba." Kalamu ya Injinia ikakata saba, ikaandika tisa. Nilifurahi hadi nikajigonga kidole gumba.

Lakini kuna jambo nililisahau, mimi mjuaji wa kujifundisha: kioo hakina upendeleo. Ukimwona mtu humo, naye anakuona. Injinia akainua mkono, kwa mazoea tu. Profesa akainua kichwa aandike juu ya ubao. Chaki ikasimama.

"Mkono huo," akakiuliza kioo, "umeinuliwa tangu lini?"

 Kisha kijana mmoja wa nyuma, msema ovyo anayejulikana, akajibu, "Tangu muhula uanze, Profesa."

"Na wewe wa kwako uko wapi?"

"Mimi niliinua mwaka jana, nikachoka."

Wakacheka. Profesa akageuka. Miaka ishirini na tatu, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kujua kwamba ana mwanya.

"Swali lako," akamwambia Injinia.

"Kwenye yale majaribio mawili, kuna namba ulizozisahihisha kwa mdomo?"

Profesa akaziomba karatasi za majaribio hayo. Akakaa ukingoni mwa meza, akazisoma mstari kwa mstari, watu themanini wakimsubiri. Alipomaliza akavua miwani.

"Hesabu zako ni sahihi," akasema taratibu, mdomo akiuelekeza kwake. "Ni sahihi kwa jengo nililokosea mimi."

Akaomba na ile barua. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Hii nitaijibu mwenyewe."

Hapo wanafunzi wa safu za nyuma wakaanza kukiri mmoja mmoja: nao hawakuwa wakisikia nusu ya maneno. Walikuwa wananakiliana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku hizi Profesa bado anajisahau. Anaugeukia ubao, anainua kichwa, anakutana na macho ya safu ya tatu, anageuka na kuomba radhi. Nimeanza kumpenda, Mungu anisamehe.

Sasa sikiliza. Jana ofisi ya majengo imeniletea karatasi. Kioo hakimo katika orodha ya samani za ukumbi, kwa hiyo kiondolewe Jumatatu saa mbili asubuhi, na wa kukiondoa ni mimi. Bisibisi yangu sitaitoa. Wataleta nyingine. Ukumbi huo unafundishiwa na walimu sita, na hao watano wengine nao ni migongo mitupu. Injinia amebakiza miaka mitatu. Penseli yangu iko mfukoni, na sitaki kuitumia kwenye kiti kile.

Wewe unayefundisha, geuka leo, usingoje kutundikiwa kioo. Wewe uliyekaa kitini, kigeuze usome nani alikuwa hapo kabla yako. Na wewe mwenye bahasha kwapani: Jumatatu, saa mbili kamili, ukumbi namba nne. Safari hii usiishie mlangoni. Ingia, ukae, na wakikwambia uinuke, kaa.