Samli Kwenye Mashine ya Manyanda

Tuseme ukweli mapema: Masalu hakuitaka ile mashine tangu siku ya kwanza. Mwanawe Manyanda alipoomba sehemu yake ya ng'ombe, mzee alidhani kijana anataka kuongeza mke. Kumbe ng'ombe wanakwenda Mpanda kugeuzwa injini ya kusagia. Msukuma gani huyo anayetoa ng'ombe anapewa chuma? Masalu aliuliza hivyo kwenye kila kilabu mpaka Kasansa nzima ikachoka kumjibu.

Mashine ikafungwa kwenye kibanda cha bati kando ya barabara, na wanawake wakaacha vinu vyao vikae na buibui. Nyanzala, mama yake Manyanda, alikuwa anausikia mlio wake akiwa huko mpungani. Ukianza kulia anajua mwanawe yuko kazini, mzima, ameshiba. Hakutaka kujua zaidi ya hapo.

Halafu ukaja mwaka wa mvua za El Niño. Mkanda wa mashine ulikatika, Manyanda akaenda Mpanda kununua mwingine, na wakati wa kurudi mto Kavuu ukamchukua. Alipookotwa, mkanda mpya ulikuwa bado umezungushwa begani. Walimzika kando ya zizi. Masalu hakulia. Alisimama mikono nyuma akitazama watu wanafukia, na matanga yalipoisha akasema kwamba chuma kimekula ng'ombe wake, sasa kimekula na mtoto. Toka siku hiyo hakuonekana tena mlangoni pa kibanda kile.

Nyanzala ndiye aliyeivalisha mashine ule mkanda. Ndiye aliyeizungusha hendeli pia, maana mikono iliyolelewa na mchi haiogopi hendeli. Lakini kabla ya kuiwasha alifanya jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Kwao kitu cha heshima hupakwa samli: bibi harusi anapakwa, mama wa mapacha anapakwa, mtu aliyerudi toka mbali anapakwa. Basi alichovya kidole kwenye kibuyu, akakipitisha ndani ya tangi la maji linaloizunguka injini, pale mdomoni, na kusema kimoyomoyo, haya baba, kaa hapa nikusikie. Mashine ikalia. Akakaa juu ya gunia la pumba akalia nayo.

Ilisaga vizuri kwa muda. Baadaye ikaanza kuchemsha. Debe moja la mahindi, maji yanatokota kama ya ugali. Madebe mawili, mvuke umejaa kibandani na injini inakoroma kama mtu mwenye kichomi. Kila jioni aliyamwaga maji, asubuhi akajaza mengine, wapi. Alipunguza kazi, wapi. Wateja wakaanza kurudia vinu vyao, na yeye akakosa usingizi, maana Masalu alishatoa neno. Leodgar, mkulima wa mpunga wa kule Mamba, alikuwa anaitaka mashine, tena kwa ng'ombe. Ikichemsha mara nyingine tena, Masalu alisema, Leodgar aje aichukue.

Ndugu yangu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwanamke yule alikuwa amebakiwa na mlio tu, na mlio wenyewe ndio huo unataka kufungwa kamba upelekwe Mamba. Alimsihi mumewe amruhusu amwite Method, fundi wa Mpanda aliyejifunza injini kwenye karakana ya reli. Masalu akasema aje, lakini Leodgar naye aje siku hiyohiyo. Hataki kusumbuliwa mara mbili.

Ndivyo ilivyokuwa. Method alishuka kwenye lori na mfuko wake wa spana, na Leodgar akafika na mkokoteni wa maksai, akaufunga kivulini kwa adabu kama mtu aliyekuja msibani. Masalu aliwakaribisha wote wawili. Yeye mwenyewe alibaki nje, ameegemea nguzo, fimbo mkononi.

Method alimwaga maji ya tangi, akaingiza mkono kwa ndani. Alipoutoa, alivinusa vidole vyake, akamtazama Nyanzala, akanusa tena. Kisha akachukua bisibisi akakwangua, na kipande kikadondoka chini: gamba la kijivu, gumu kwa nje, la mafuta kwa ndani. Alilidondoshea tone la maji. Tone lilijikunja likawa shanga, likabingirika likaanguka. Aliwaeleza taratibu kwamba maji ndiyo yanayobeba joto la injini kulitoa nje, na ili yalibebe lazima yaguse chuma. Hapa yamewekewa pazia. Maji yapo, chuma kipo, ila havionani, na joto linabaki ndani linaitafuna injini.

"Mama," alisema, "humu kuna samli."

Nyanzala alikiangalia kidole chake. Kumbe ni yeye. Alichokipaka kwa mapenzi ndicho kinachomuua mwanawe mara ya pili, na Leodgar huyu hapa na kamba zake. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini hakuwa mwanamke wa hivyo.

"Nilipaka mimi," alisema. "Kwa kidole. Siku ile ya kuiwasha, basi."

Method alikwangua tena. Vipande vilizidi kudondoka, tabaka juu ya tabaka, mpaka sufuria aliyoikinga ikakaribia nusu. Aliitazama sufuria, akakitazama kidole cha mama yule, akatikisa kichwa. Hii haiwezi kuwa ya kidole, alisema. Hii imepakwa kwa kiganja, na imepakwa mara nyingi, baada ya maji kumwagwa.

Hapo Nyanzala akakumbuka kibuyu chake cha samli. Kilikuwa kinapungua, na yeye kwa muda wote ule alikuwa akiwagombeza wachungaji bure. Aligeuka kuelekea mlangoni.

Masalu alikuwa ameingia. Amesimama ndani ya kibanda alichokisusa, fimbo ameiacha nje.

"Nyingine ni yangu," alisema. "Alfajiri, nikienda kukamua, napita hapa. Nilikuwa nasikia inakoroma, mama Manyanda. Ng'ombe akiumwa, ngozi ikamkauka, si unampaka samli? Nikampaka. Kesho yake anakoroma zaidi, nami naongeza."

Masalu alimalizia kwa sauti ya chini kwamba ndiyo maana alimwita Leodgar. Hakuwa na dawa nyingine, na hakuweza tena kumsikia akiumwa.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Nyanzala alikuwa amelala na mtu huyu kitanda kimoja tangu msiba, akimhesabu kuwa ana moyo wa jiwe, akimchukia kidogokidogo usiku. Alimwendea, akakishika kile kiganja, akakiangalia kama hajawahi kukiona.

Method ndiye aliyewarudisha kazini. Alitaka magadi, mengi, na maji ya moto. Waliyachemsha, wakajaza tangi, na magadi yalipokutana na samli yakatoa povu jeusi la sabuni. Wakamwaga, wakajaza tena, mpaka maji yakatoka safi. Kisha Method aliingiza brashi ya waya akakikwaruza chuma makusudi, kisiwe laini sana, maji yapate pa kushika. Alidondosha tone lingine. Safari hii halikujikunja. Lilitandaa, likakilowesha chuma.

Leodgar hakungoja kuambiwa. Aliwafungua maksai wake, akawapa wazazi wale pole kana kwamba Manyanda amefariki jana, akaondoka na mkokoteni mtupu.

Nyanzala alizungusha hendeli. Mashine ikashika, ikalia mlio wake wa zamani, mlio wa mtu mzima aliyeshiba. Debe la kwanza, la pili, la tatu. Maji yalipata joto, hayakutokota.

Masalu alikaa juu ya gunia la pumba, akaweka kiganja kwenye tangi, kikavu, bila kupaka kitu.

"Yuko kazini," alisema, na hapo ndipo alipolia.