Jike Ndani ya Mkwaju

Shoka lilikuwa la mumewe, na mpini ulikuwa umelika pale vidole vya Lokosang vilipozoea kushika. Peace akaweka vyake palepale. Mbele yake ulisimama mkwaju, mti mkubwa wa mwisho upande huu wa jebel, mlima ulio juu ya mtaa wa Gurei. Mingine yote ilishashuka kwa lori kwenda kuchoma matofali ya maghorofa ya wenye nchi.

"Gonga moja tu, mama," afande alisema. "Vijana watamaliza."

Wenye msumeno wa injini walikuwa wamekaa kivulini wakitafuna karanga. Si uvivu. Walitoka mbali, na mtu wa kuja haugusi mti wa mlima kabla mwenyeji hajaugonga. Akijitia ujuaji, msumeno humrudi mguuni. Afande hakuicheka imani hiyo. Aliitafutia mwenyeji, basi.

Mwenyeji huyo alikuwa Lokosang. Miti mingi aliigonga, maana watoto hawali heshima, lakini alipofika kwenye mkwaju akaliweka shoka chini. Hondohondo jike alikuwa ndani. Hapa mlimani hata mtoto anajua: jike akishajiziba tunduni kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitisha mdomo, mti huo hauguswi mpaka atoke na wanawe. Lokosang alisema hivyo tu, kwa adabu, na kwa adabu yake askari wakamfungia ndani ya kontena la chuma kambini kwao, juani, bila dawa yake ya kifua. Asubuhi hii Peace alimpelekea uji. Alimsikia akikohoa nyuma ya bati, kisha askari akamrudishia bakuli likiwa limejaa.

"Afande, ndege iko ndani," Peace alisema. "Ngoja tu mvua iishe, itatoka."

"Na mzee wako, naye angoje mvua iishe?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani.

Juu, dume alifika na panzi mdomoni, akajishikiza kwenye gome. Ncha nyekundu ya mdomo wa jike ikachomoza ufani, ikapokea. Peace aliona haya, kama aliyechungulia chumba cha watu. Akasubiri dume aende zake. Kisha akagonga.

Mkwaju ulipolala chini, shina lilipasuka tunduni. Makinda yalikuwa yamepondeka. Jike alitoka akitambaa, mbawa tupu, kwa kuwa akijifungia huyaangusha manyoya yake ya kurukia na kumwachia mume kazi ya nje. Kijana mmoja alicheka, akaona hakuna anayemuunga mkono, akanyamaza. Peace alimfunika ndege kwa kanga, akaondoka naye. Nyuma yake dume alikuwa amerudi, anazunguka hewani pale tundu lilipokuwa, na chakula mdomoni.

Lokosang aliachiliwa kabla jua halijatua. Alikuta jike chini ya tenga lililopinduliwa sakafuni, pembeni mwa jiko, akamchungulia.

"Nani aligonga?"

"Mimi."

Peace alitaka mumewe amtukane. Tusi angelibeba, alilistahili. Lokosang akakaa chini polepole, mkono kifuani.

"Asante, Mama Lako," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Peace. Ametunza mume kwa kubomoa nyumba ya mwingine, na aliyemfundisha kuwa ni haramu ndiye anayemshukuru. Akasonga ugali bila kuuona.

Asubuhi lori lilipiga honi mlangoni. Askari hakushuka. Alisema ng'ambo ya jebel imebaki miti mizuri, na wazee wa huko wana maneno kama ya Lokosang. Afande anamtaka huyu mara wake, yaani mke, aende na shoka.

"Mimi iko na mgonjwa," Peace alisema.

"Afande anajua. Ndiyo maana amesema uje wewe."

Lokosang aliinama, akakohoa. Peace akaingia kulichukua shoka. Alipoliinamia tenga ampe ndege maji, alikuta mianya mingi imezibwa. Jike alikuwa amekwangua udongo wa sakafu, akauchanganya na kinyesi chake, akajikandikia ukuta. Alibakiza ufa mmoja tu, unaoelekea mlangoni, na ndani yake ncha nyekundu ilikuwa wazi, inangoja kulishwa.

Nje, honi ililia tena.