Waya wa Ghorofa ya Nne

Mzee Khoat alikagua mita za umeme mjini Hai Phong kwa miaka thelathini na mmoja, na hata baada ya kustaafu hakuweza kupita penye waya bila kuufuata kwa macho. Kwa hiyo, alasiri ile alipomwona mkwewe Diem akishuka ngazi huku akigongomea waya mpya wa kijivu pembeni mwa ukuta, aliweka kikombe cha chai chini.

"Unakwenda wapi huo?"

"Unatoka kwenye ruta ya hapa sebuleni, baba. Unapanda mpaka ghorofa ya nne."

Nyumba yao ilikuwa kama nyumba zote za uchochoro ule, nyembamba na ndefu kwenda juu, chumba juu ya chumba. Wazee walilala ghorofa ya pili, Diem ya tatu, pamoja na mumewe miezi ambayo hakuwa melini. Ya nne hakulala mtu. Palikuwa na meza ya kuwafukizia mababu udi na kamba za kuanikia nguo, basi.

"Huko nani anataka intaneti?" Khoat aliuliza. "Mababu wana simu siku hizi?"

Diem alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo, na mzee akakiona kilivyochelewa. "Nikianika nguo napenda kusikiliza muziki, baba. Waifai ya huku chini inafia kwenye ngazi."

Bi Nhan, mkewe, alikuwa akichambua matembele kwenye ungo. Mwanamke mwenye neno kwa kila jambo, leo hakuinua hata kichwa. Hilo nalo Khoat aliliweka moyoni.

Alivuta kiti akakaa kumsimamia. Diem alikuwa na ruta kuukuu iliyobaki walipohama kampuni ya intaneti. Aliingiza pini kwenye kitundu cha nyuma, akashikilia mpaka taa zikazima na kuwaka upya, kisha akaiunganisha na kompyuta yake na kuanza kubadilisha namba.

"Hizo namba za nini?"

"Ni anwani yake. Zote mbili zilikuwa na anwani moja, zingegongana." Akabonyeza tena. "Na hapa naizuia isigawe anwani kwa simu za watu. Kazi hiyo ibaki kwa ile ya sebuleni. Hii irushe mawimbi tu."

"Mkubwa awe mmoja."

"Ndiyo hivyo, baba."

Jina la mtandao na nywila aliviweka sawa na vya ile ya sebuleni, ili mtu akipanda ngazi simu yake ihame yenyewe. Mwishowe akachukua ncha ya waya, akaliruka tundu la buluu, akachomeka kwenye la njano.

"Mbona umeliruka lile? Limeandikwa intaneti."

"Nikichomeka pale itajifanya mkubwa tena."

Kila jibu lilikuwa sawa, na hapo ndipo mzee alipozidi kuwashwa moyoni. Katika kazi yake, waliojibu vizuri hivyo ndio waliokuwa wamejiandaa.

"Na utajuaje nani anaitumia?"

Diem akafungua ukurasa wa ruta ya sebuleni, akamwonyesha orodha: simu tatu, kompyuta, televisheni. Vitu vitano. Khoat akataka aandikiwe namna ya kuufungua ukurasa huo kwenye simu yake mwenyewe. Diem alisita, kisha akamwandikia.

Siku tatu orodha ilikuwa na vitano vilevile. Siku ya nne, saa kumi alasiri, kikatokea cha sita. Hakikuwa na jina, herufi na namba tu. Baada ya dakika arobaini kikatoweka. Kesho yake, saa ileile, kikarudi.

Kwanza alimdhania jirani yao Bao, fundi cherehani, ambaye ukuta wake umegusana na wao. Akaenda kumsalimia kwa kisingizio cha kifungo. Bao alikuwa na kisimu cha kubonyeza kilichofungwa kwa utepe. Khoat akarudi nyumbani akiwa na wazo jingine, baya zaidi: Diem ana mtu anayeongea naye huko juu kwa simu ya siri, na mumewe yuko baharini. Usiku ule hakumtazama mkwewe usoni walipokuwa wakila, na Diem alipomtilia mchuzi alisema ameshiba.

Lakini siku iliyofuata zamu ya Diem ilibadilika, akawa bado kiwandani saa kumi ilipofika, na kile cha sita kikatokea vilevile. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mkewe. Bi Nhan alikuwa amepanda kuwasha udi, na simu yake ilikuwa pale mezani, mbele ya Khoat.

Alivua kandambili, akapanda pekupeku.

Kwenye mlango wa juu alisikia sauti ya mwanamume, inakatikakatika. "Mama... sisikii... mama?" Miaka sita hakuwa ameisikia, na aliijua kwa neno la kwanza.

Ilikuwa ya Vy, mwanawe wa pili. Mwaka wa mwisho wa kazi yake, Khoat alikuta waya wa wizi nyuma ya mita ya karakana ya barafu ya Vy, akaandika ripoti kama ambavyo angemwandikia mtu yeyote. Karakana ikafungwa. Vy akahamia kusini, na jina lake likaacha kutajwa nyumbani.

Khoat alisukuma mlango. Bi Nhan alikuwa kwenye kigoda, ameshika simu ambayo Khoat hakuwahi kuiona. Hakuificha.

"Miaka sita naongea na mwanangu nimesimama jikoni kwa watu," alisema. "Nimechoka. Diem kanionea huruma. Ukitaka kuukata waya, ukate. Mkasi uko kwenye kikapu."

Mzee aliangalia ruta: ilikuwa imefichwa nyuma ya chetezo kikubwa cha shaba. Akaitoa, akaiweka juu ya rafu.

"Sasa nakusikia vizuri, mama," Vy alisema. "Umefanyaje?"

"Ni baba yako."

Vy akauliza: "Amekuja kukagua nini?"

Khoat aliichukua simu. Uso wa mwanawe ulikuwa umekonda. Hakuwa ameandaa neno lolote, kwa hiyo likatoka lile la kazini.

"Ule waya uliingilia upande gani wa mita?"

"We mzee, huna haya?" Bi Nhan alisema.

"Mwache, mama. Upande wa nyuma, baba. Ulitokea ndani ya ukuta. Nilikuwa nimepanga pale miezi miwili tu. Sikujua upo mpaka ulipouvuta wewe."

Khoat aliuona tena ule waya mkononi mwake. Ulikuwa umepakwa rangi pamoja na ukuta, kijani juu ya nyeupe, na zote mbili zilikuwa zimeanza kubanduka. Rangi ya miaka mingi. Angekuwa mpangaji mwingine, Khoat angeuliza ni nani aliyeipaka. Lakini alikuwa mwanawe, na kwa kuogopa kuambiwa anamkingia kifua, aliandika upesi.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuja kusema. Ulikuwa umeshatia saini, ukaniambia nisikanyage hapo."

Mzee alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Maneno ya kuomba radhi aliyajua, lakini likatoka jingine.

"Umeshakula?" aliuliza.

"Bado. Ndiyo kwanza natoka kazini."

"Basi kula. Usikate. Mimi nipo."

Vy aliegemeza simu kwenye kitu, akapakua wali, akaanza kula. Bi Nhan alisogeza kigoda chake karibu, na wote wawili wakamtazama.